Nimepanda Ndege Kwenda Kuambiwa "Usishike"

Mama yangu pale Tanga ana kabati la vyombo lenye vioo mbele, na ndani yake kuna bilauri sita zenye maua ya dhahabu mdomoni. Samahani, tano. Ya sita niliivunja mimi nikiwa na miaka tisa, na bakora nilizokula siku ile nadhani zilihesabiwa kwa kila kigae.

Bilauri zile ni za wageni. Wageni gani, mimi sijui. Alikuja sheikh wa mtaa, akanywea kikombe cha plastiki. Akaja mwalimu mkuu, plastiki. Wakaja wakwe kumposa dada yangu, tukasema leo ndiyo leo, kabati litafunguliwa. Wakanywea vikombe vya bati vya kuazima kwa jirani. Nahisi mgeni anayesubiriwa bado hajazaliwa.

Kwa hiyo mimi na kioo hatuivi chungu kimoja. Sasa Desemba hii dada yangu, huyo huyo aliyeposwa kwa vikombe vya bati, akaniita nikale naye sikukuu kule anakoishi, Rochester, jimbo la New York. Nikaaga mtaa mzima kwamba nakwenda New York kuona maghorofa. Hakuna aliyeniambia kwamba kutoka Rochester mpaka hilo jiji la maghorofa ni safari ya kama Dar kwenda Moshi. Nilichokiona siku tatu za kwanza ni dirisha, na nje ya dirisha ni theluji, na kwenye theluji ni jirani anayeisukuma kwa koleo huku inaendelea kudondoka. Yule bwana alinihuzunisha sana. Ni kama kupiga deki wakati watoto wanaingia na matope.

Siku ya nne shemeji akasema, "Shem, usichoke kukaa ndani. Kesho nakupeleka Corning, tukaone makumbusho ya kioo."

"Ya nini?"

"Ya kioo. Jumba zima ni vioo."

Yaani nimetoka Tanga, nimelala uwanja wa ndege nimekunjamana kama nguo ya kufuliwa, ili nikaangalie bilauri za watu.

Kuvaa tu kulichukua muda wa kupika maharage. Fulana mbili, sweta, koti la shemeji ambaye ni mrefu kuliko mimi, suruali ya ndani, suruali ya nje, soksi jozi tatu, glovu, shali. Nilipofunga zipu ya mwisho ndipo haja ndogo ikanijia. Tukaanza upya.

Mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, tukafika. Watoto mpaka miaka 17 wanaingia bure, sisi wenye mvi tunalipa. Nilimwomba shemeji aulize kama aliyewahi kuchapwa kwa sababu ya kioo ana punguzo. Akajifanya hakunisikia.

Kusema kweli, nilipoingia nilinyamaza kidogo. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1951 na kampuni ya kutengeneza vioo ya mji huo, na sasa yana vitu zaidi ya 50,000, vingine vya miaka 3,500 iliyopita. Kuna kichwa cha farao wa Misri, cha kioo, hakizidi ndimu. Nikakitazama nikawaza: miaka elfu tatu na zaidi, himaya zimeanguka, vita vimepigwa, na hiki kimedumu. Bilauri ya mama ilidumu mikononi mwangu kutoka kabatini mpaka mezani, hatua nne.

Mpwa wangu ana miaka saba, kazaliwa huko huko. Kila nikisogea anadakia: "Mjomba, usiguse." Nikiegemea: "Mjomba!" Nilitoa mkono mfukoni kujikuna sikio, akanishika kiwiko. Nikamtazama vizuri usoni, nikagundua ni bibi yake mtupu. Huyu mtoto hajawahi kukanyaga Tanga, lakini kabati lile limempata hata huku.

Tukaingia upande wa sanaa za siku hizi, ukumbi mweupe kama theluji ya nje. Ndipo nikaona janga. Taa kubwa ya kutundika darini, ya kioo chekundu, imeanguka sakafuni na kupasuka vipande vipande, na juu yake wamejaa kunguru wanadonoa. Moyo ulinilipuka. Jambo la kwanza nililofanya, wallahi, ni kurudi nyuma hatua tatu na kuinua mikono juu ili kila mtu aone kwamba sikuwa karibu. La pili, nikamtafuta mlinzi nimwambie jamani kuna ajali huku, leteni fagio, na fukuzeni hawa kunguru.

Shemeji akanivuta shali. "Shem, hiyo ndiyo sanaa yenyewe."

Kumbe msanii wa Kihispania, Javier Pérez, aliichukua taa ya Murano, kule Italia kwa mafundi wakubwa wa kioo, akaivunja makusudi. Kunguru nao ni wa kweli, ila wamekaushwa. Kavunja, hajafagia, na kimenunuliwa kikawekwa makumbusho. Mimi nilivunja kimoja, nikafagia mwenyewe kwa fagio la chelewa huku nalia, na sikupata hata pole. Kunguru tunao Tanga wa kumwaga. Kilichonikosesha jina duniani ni kwamba nilifagia mapema.

Nilidhani hapo nimeshaona mwisho wa maajabu, kumbe bado. Mbele kuna duara la kioo limesimamishwa wima, upana wake mita tano, uzito kama tani 20. Nikamwambia shemeji, hapa sawa, hapa kuna kazi. Akasoma maelezo akacheka. Mwaka 1934 walitaka kutengeneza kioo cha darubini kubwa ya kutazamia nyota kule Palomar, California. Wakamimina uji wa kioo kwenye kalibu. Ndani ya kalibu mlikuwa na matofali ya kutengenezea mashimo nyuma ya kioo, ili kisiwe kizito mno. Joto likayeyusha vyuma vilivyoshikilia matofali, matofali yakang'oka, yakaelea juu kama mandazi kwenye mafuta. Kazi ikaharibika mbele ya watu walioalikwa kutazama. Desemba ya mwaka huo huo wakamimina kingine, kikapozwa taratibu miezi kumi, na hicho ndicho kilichokwenda California.

"Na hiki?"

"Hiki ni kile kilichoharibika."

Nikakaa chini kwenye benchi. Wameharibu tani 20, halafu wakakiweka ukumbini, wakakimulika taa, na watu wanapiga nacho picha. Bilauri moja! Bilauri moja yenye ua la dhahabu!

Tukaenda kumtazama fundi kazini. Huko ndiko nilikopapenda, siwezi kuficha, na sababu kubwa ni joto. Tanuri lina nyuzi zaidi ya 1,000 za Selsiasi. Nilikaa kiti cha mbele nikafungua zipu moja baada ya nyingine, nikaota moto kama mpishi wa mishikaki. Fundi anachovya bomba refu la chuma, linatoka na donge linalong'aa rangi ya chungwa, linaning'inia kama asali. Analizungusha bila kupumzika, maana akiacha tu linadondoka. Anapuliza kidogo, linavimba. Analirudisha motoni, analitoa, analibana kwa koleo, na ghafla donge lina shingo, lina mdomo, limekuwa jagi. Watu tukapiga makofi.

Jagi halikupewa mtu. Likaingizwa kwenye tanuri la kupoozea mpaka kesho yake, kwa sababu likipoa haraka, nje kunatangulia kusinyaa na ndani bado kuna moto, na linapasuka. Hilo nilimweleza mpwa wangu kabla hata ya mtangazaji hajamaliza. Ndiyo maana watu wa pwani tunatia kijiko kwenye glasi kabla ya kumimina chai ya moto. Akaniangalia kwa heshima kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nikapata kichwa. Nikalipia na mimi nikapulize tufe la kutundika kwenye mti wa Krismasi. Wakanivalisha miwani na aproni juu ya makoti ya shemeji, nikafanana na mtu anayefukuza nyuki. Mwalimu kashika bomba, mimi kazi yangu ni kupuliza. Nikapuliza kama napuliza jiko la mkaa lililolowa. "Taratibu, taratibu!" Tufe likavimba upande mmoja. Upande wa pili lina kitu kama shavu lenye jino bovu. Rangi ni buluu na nyeupe. Nalo likalazwa kupoa, wakalituma kwa posta, likafika Rochester limefungwa kwenye boksi ambalo ungeweza kusafirishia televisheni.

Nililirudisha Tanga ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu ndani ya begi la mkononi ambalo sikulitoa mapajani safari nzima. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza geuza.

"Chemni hii? Mbona haina tundu la utambi?"

"Pambo, mama. Nimelipuliza mwenyewe."

Hakusema kitu. Akaingia chumbani, akarudi na funguo. Nililisikia lile kabati likilia bawaba. Akazisogeza bilauri, akaliweka tufe langu pale palipokuwa na pengo, akafunga.

Wiki iliyopita nimekwenda kumwamkia. Akiwa jikoni, nikaona funguo imesahaulika kwenye kitasa. Nikafungua kidogo tu, nione kama lile shavu limekaa vizuri.

"Wewe!" Sauti ikatoka jikoni, na hakuwa hata ameniangalia. "Toa mkono. Hicho cha wageni."

Akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki.