Kidole si kipimo cha oili

Klipu ile imenifikia kutoka makundi tofauti ya WhatsApp, na la mwisho likawa la ukoo. Mmeiona bila shaka. Fundi kashika glasi mbili za chai. Moja ina oili mpya iliyotoka kwenye dumu, nyingine ina oili aliyoimwaga dakika hiyo hiyo kwenye gari la mteja. Anaziinamisha pamoja. Mpya inashuka kwa madaha, ya zamani inateremka mbio. "Oneni wenyewe, hii imeshakuwa maji! Injini inatembea na maji!" Halafu anamshauri mteja aachane na 5W-30, aweke 20W-50, "oili ya kiume". Shemeji yangu kaisindikiza na maneno: elimu ya bure hii, mfuatilieni huyu kijana.

Elimu ya bure, kweli. Angalieni tena ile glasi ya oili ya zamani. Kaishika na tambara. Kwa nini kaishika na tambara? Kwa sababu inaunguza! Oili imetoka kwenye injini ya moto, inalinganishwa na oili iliyolala kwenye kabati la duka. Hapo fundi hajapima uchakavu wa oili, kapima joto.

Na joto ndilo mchezo wenyewe. Chukua 5W-30 ya kawaida, mpya, haijawahi kuona injini. Ukiipima kwenye nyuzi 40 utapata kama sentistoki 60 (sentistoki ni kipimo cha uzito wa oili, yaani inavyotiririka kwa shida; namba ikiwa kubwa, oili ni nzito). Ipashe moto hadi nyuzi 100, inashuka hadi 10 na ushee. Oili ileile, dumu lilelile, imekuwa nyepesi karibu mara sita kwa moto tu. Ni sawa na kulinganisha uji wa moto na uji uliolala tangu jana, halafu umlaumu mpishi wa leo kwamba kabania unga.

Sasa tuje kwenye matumizi. Oili ya namba mbili, kama hizi 5W-30 na 20W-50, kwa kawaida hutiwa polima, minyororo mirefu ya molekuli ambayo kazi yake ni kuizuia isiwe nyepesi kupita kiasi ikipata moto. Kila oili inapobanwa kwenye beringi za krenki na kwenye ringi za pistoni, minyororo hiyo inakatika vipande, na kipande kifupi hakina nguvu ya mnyororo mrefu. Ndiyo sababu ya kwanza ya oili kupungua uzito. Lakini inapungua kwa kiasi gani? Kwa viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya 30 (ile namba ya pili ya 5W-30) ikiwa kwenye nyuzi 100 inatakiwa iwe kati ya sentistoki 9.3 na 12.5. Iliyoanza na 10.5 ikiteremka hadi 9, tayari imeporomoka nje ya daraja lake. Hiyo ni tofauti ya asilimia 14 hivi. Na mafundi wengine huipima kwa kuisugua vidoleni. Nileteeni fundi mwenye kidole gumba kinachoweza kusikia asilimia 14, tena kwenye oili ya moto, mchana wa Dar, mkono ukiwa na grisi ya gari lililotangulia. Maji yenyewe ni kama sentistoki moja, kwa hiyo hata hiyo oili iliyoporomoka ni nzito mara tisa kuliko hayo maji tunayoimbiwa.

Na haishuki tu. Inapanda pia. Joto na hewa vinaiozesha oili, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka kuozeshwa huko kunakwenda kasi karibu maradufu. Sehemu zake nyepesi zinapaa kama mvuke, zinabaki nzito. Kwenye dizeli kuna masizi, na masizi yakijaa, oili inanenepa hadi pampu inaisukuma kwa shida. Kwenye injini moja, kwa wakati mmoja, kuna kinachoikata oili na kinachoigandisha. Kwa hiyo unaweza kuipeleka maabara ikaonekana ina uzito uleule wa siku ya kwanza, kumbe huku petroli imeilainisha, huku kuoza kumeinenepesha, na dawa zake za kuzuia asidi zimekwisha kabisa. Wenye mitambo ya migodini wanalijua hili, ndiyo maana wanachukua sampuli na kupima mambo mengi kwa pamoja. Hakuna anayesugua vidole.

Kinachonichefua zaidi ni dawa anayoandika yule fundi. Tuseme oili imekuwa nyepesi kweli. Kwa nini? Hapa Dar mshukiwa wangu wa kwanza ni petroli. Unatoka Mbezi kwenda Posta, injini inaunguruma kwenye foleni, gari halisogei. Au unatumia gari kwenda dukani na kurudi, injini haijapata moto wa kutosha unaizima. Petroli isiyoungua inapenya kwenye ringi, inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ungekwenda Dodoma, joto la safari lingeipasha oili na petroli nyingi ingepaa yenyewe. Kwenye foleni inabaki. Ongeza nozeli (inayonyunyiza petroli kwenye injini) inayovuja au plagi iliyochoka na hapo unaendesha gari lenye mchanganyiko. Sasa huyo mgonjwa unamwandikia 20W-50! Nozeli itaendelea kuvuja, petroli itaingia kwenye 20W-50 kama ilivyoingia kwenye 5W-30, ila safari hii taa ya oili itachelewa kuwaka na kelele za injini zitapungua kidogo. Mteja atasema gari limepona. Atakuja kurudi siku likianza kutoa moshi.

Chomoa kile kijiti cha oili asubuhi, gari likiwa limelala sehemu tambarare. Kifute, kirudishe, kichomoe tena. Usitazame rangi, nusa. Kikinuka petroli, unayo kesi. Alama ya oili ikiwa imepanda juu ya ulipoiacha na hukuongeza kitu, usishangilie kwamba gari lako halili oili. Kuna kitu kinaingia mle, petroli au maji ya rejeta, na kama kijiti kina utelezi mweupe kama maziwa, acha kuendesha.

Kuhusu weusi nitasema sentensi moja: oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu imebeba uchafu ambao ungebaki kwenye injini.

Haya, niwape mafundi haki yao, ingawa sipendi. Wazee wa gereji wanaong'ang'ania "40 moja" wana hoja. Oili ya namba moja haina hizo polima, kwa hiyo hakuna cha kukatika. Na ile namba yenye W, ambayo Wazungu wanagombana juu yake mitandaoni, inahusu baridi ambayo hata Makete wakiamkia barafu Julai hawaifikii: 5W inapimwa kuwashika kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Tena injini iliyochoka, iliyokula kilomita zisizohesabika huko Japani na hapa, ikiwekewa oili nzito itapunguza kula oili na kuishi. Nakubali. Lakini Toyota IST yenye injini nzima ya 1NZ haikuomba msaada huo. Ina VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, unaosukumwa na oili hiyohiyo kupitia vijia vyembamba.

Bodaboda wao wana shida yao. Oili ni lita moja hivi, na hiyohiyo inalainisha injini, klachi na gia. Meno ya gia yanazikata polima kuliko beringi yoyote, na pikipiki haipumziki kutwa nzima. Wao wakimwaga mapema siwacheki.

Kwa wenye magari, maana najua swali litakuwa kilomita ngapi. Toyota kule Japani, kwa gari la petroli lisilo na tabo, wanasema 15,000 au mwaka mmoja. Kwa matumizi magumu, 7,500 au miezi 6. Matumizi magumu ni barabara mbovu, safari fupi za kurudiarudia, na kusimama sana injini ikiwaka. Yaani sisi. Kwa hiyo 5,000 naiafiki, na ile 3,000 ya mafundi sitaipigia kelele kama mfuko unaruhusu. Ila wewe wa gari linaloamshwa Jumapili kwenda kanisani tu, achana na kilomita. Hazitafika 3,000 kabla mwaka haujaisha, na petroli inaendelea kujikusanya kwenye oili. Mwaga kwa kalenda.