Banda la kuku la kununua: hesabu ya mpangaji

Kila nikisema nilinunua banda la kuku lililotengenezwa tayari, jibu ni lile lile: umetupa pesa, fundi angekujengea kubwa zaidi kwa bei hiyo. Kwa mwenye ploti yake Ruai au Njiru, neno hilo ni kweli na silipingi. Mbao za saiprasi, mabati ya geji 30, waya na siku chache za fundi: ukigawanya gharama kwa mita za mraba, banda la kujengewa hushinda karibu kila mara.

Lakini wengi wetu hapa Nairobi hatuna ploti. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya tisa kati ya kila kumi za jiji hili zinaishi nyumba za kupanga. Banda la mpangaji husimama kwenye ardhi ya mwingine, na jambo hilo halimo katika hesabu ya wanaotushauri tumwite fundi.

Banda langu la kwanza lilijengwa Githurai, na fundi aliifanya kazi vizuri. Alimwaga zege, akasimamisha nguzo, akapiga misumari ya inchi nne kila kona, akaezeka. Niliingiza vifaranga wa kienyeji walioboreshwa. Kuku hao huanza kutaga wakiwa na miezi mitano au sita, kisha hutaga vizuri kwa mwaka na zaidi. Kwa hiyo anayeanza na vifaranga anahitaji kama mwaka mmoja na nusu mahali pamoja ili chakula alichonunua kirudi kwa mayai. Mimi nilikaa miezi saba. Trei zilikuwa zimeanza tu kujaa mwenye nyumba aliponiambia ameuza.

Kubomoa kulinifundisha bei halisi ya lile banda. Kila msumari uliong'olewa ulipasua ubao. Mabati yalibaki na matundu ambayo mvua ya Aprili isingeyasamehe. Zege niliiacha pale pale, kwa kuwa haibebeki. Vilivyofaa kutumika tena ni mlango, bawaba zake na kama nusu ya waya. Kuku niliwauza kwa haraka, na anayeuza kwa haraka hapangi bei.

Banda nililonalo sasa limeshikanishwa kwa bolti. Ukiwa na spana namba 13 na mtu wa kukusaidia kushika paa, kuta zinaachana moja moja na kulala bapa kwenye pikapu. Nimeshahama nalo mara moja, kutoka Kasarani hadi Kahawa West. Tulianza kulifungua asubuhi, na ilipofika saa kumi na mbili jioni kuku walikuwa wamepanda fito zile zile walizozizoea, kila mmoja mahali pake.

Hayo hayawatakasi wauzaji. Kibandiko cha banda langu kilisema linatosha kuku thelathini. Sakafu yake ni mita 1.2 kwa 2.4, yaani mita za mraba 2.88. Kwa kuku wakubwa wanaolala juu ya maranda, kipimo cha kawaida ni wanne hivi kwa kila mita ya mraba, na hapo unapata kumi na moja au kumi na wawili. Pima na fito: kuku mmoja anahitaji karibu sentimita 20, na fito zangu mbili za mita 1.2 zinatosha kumi na wawili tu. Viota ni vitatu, na kiota kimoja hutosha kuku wanne au watano. Vipimo vyote vitatu vinakutana pale pale. Hao thelathini wanaenea wakiwa vifaranga wa mwezi mmoja. Miezi minne baadaye wanaanza kudonoana, na mwenyewe anadhani amenunua kuku wabaya.

Atakayeamini kibandiko hicho ataumiza kuku, na hilo ndilo linalonikera kuliko bei. Chuchumaa asubuhi kabla ya kufungua madirisha, uweke uso wako kwenye kimo cha kuku. Macho yakikuwasha kwa harufu ya mkojo mkali, ujue wamelala usiku kucha wakivuta hewa hiyo, na kifua kibaya hakiko mbali. Usiku wa baridi wa Julai watu huziba kila upenyo, na hali huwa mbaya zaidi. Hewa itokee juu, karibu na paa, na upepo usiwapige kuku mgongoni.

Kwa hiyo gawa bei kwa kumi na wawili, na hapo ndipo ulinganishe na bei ya fundi. Likibaki ghali, jiulize utakaa hapo muda gani. Mwenye uhakika wa miaka mitano ajenge tu. Asiye na uhakika wa mwaka mmoja anunue, mradi ni la bolti. Mengi yanayouzwa kando ya barabara yamepigwa misumari kama lile langu la Githurai, na hayo huhamishwa mazima au hayahamishwi kabisa. Pima geti lako kwanza.

Tazama pia mbao. Zikiwa mbichi, zitakauka kwa jua la Januari na kuachia nyufa, na humo ndimo utitiri hujificha mchana, usiku ukatoka kunyonya damu. Waya wa matundu mapana humzuia kuku asitoke, ila panya hupita na paka huingiza mkono. Omba wenye matundu madogo, hata kama utaongeza pesa kidogo. Muuzaji akikataa kupindua banda uone chini yake, nenda kwa mwingine.