Asili ya Waswahili: vinasaba, lugha na kaboni mbele ya makaburi ya Manda na Faza

Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliofariki kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, na pia Manda na Faza zilizo katika visiwa vyetu vya Lamu. Tangu hapo utafiti huo unasomwa kwa njia mbili. Wako wanaosema kwamba hatimaye maabara imewasadikisha wazee, ambao hawakuacha kusimulia kuwa mababu walitoka Shirazi, mji wa Uajemi (Iran ya leo). Na wako wanaohofu kwamba, baada ya miaka mingi ya kazi ya kuthibitisha kuwa miji hii ilijengwa na wenyeji, Mswahili ameanza tena kuitwa mgeni.

Matokeo yenyewe yana pande mbili. Kwa wengi wa waliochunguzwa katika miji ya pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba vilitoka kwa wazazi wa Kiafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa ya vilivyosalia vilitoka Asia. Katika hivyo vya Asia, asilimia 80 hadi 90 vilitokana na wanaume wa Uajemi, huku kiasi kidogo kikihusiana na Bara Hindi. Asili ya Kiarabu inazidi kuonekana baada ya mwaka 1500 hivi. Upande wa kike na wa kiume hutenganishwa kwa sababu vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, ilhali kromosomu Y hupita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kwa hiyo anayeshika kauli ya wazee amepata ushahidi ambao hakuwa nao. Historia ya kale ya Kilwa, inayosimulia ujio wa watu wa Shirazi, ilikuwa imewekwa kando na wanazuoni wengi kama dai la kujitafutia hadhi tu, na sasa ni vigumu kuendelea kuiweka kando kwa wepesi ule.

Hata hivyo, lugha inashuhudia jambo jingine. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993, walionyesha kuwa Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kiilwana ni matawi ya shina moja la Kibantu linaloitwa Sabaki. Hoja yao haikutegemea wingi wa maneno yanayofanana, kwa kuwa maneno huazimwa. Ilitegemea mabadiliko ya sauti yanayofuata kanuni, pamoja na ngeli na viambishi vya vitenzi ambavyo ni nadra kuazimwa. Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, ambacho husema mato na ndia pale wengine wasemapo macho na njia, kinaeleweka kihistoria ndani ya ukoo huo. Kama mababu wa Kiajemi walikuwa na uzito unaoonekana katika mifupa, mbona lugha yao haikuacha zaidi ya maneno machache, kama vile bandari?

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu wa suala hili, maana swali la mwanaisimu linajibiwa kwa kiasi na vinasaba vyenyewe. Mtoto hupokea lugha kwa mama na kwa jamaa za mama wanaomzunguka. Wageni walikuwa wanaume, wakaoa katika jamii zilizokuwa tayari na lugha, ardhi na jamaa, na wana wao wakasema lugha ya nyumbani. Katika Amu, yaani mji wa Lamu, hadi leo inajulikana desturi ya baba kumjengea au kumpa binti nyumba, na mume kuhamia kwa mkewe. Mwenye kupinga atasema, na kwa haki, kwamba desturi ya karne za karibuni si hati ya karne ya kumi na moja. Ni kweli, lakini inaoana na ushahidi wa aina mbili uliokusanywa na watu wasiokuwa na haja ya kupatana.

Ushahidi wa tatu unatoka katika fizikia. Miale ya anga za mbali hugeuza naitrojeni hewani kuwa kaboni-14, viumbe huimeza wangali hai, na baada ya kifo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Willard Libby alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960 kwa kuifanya kanuni hiyo kuwa kalenda. Pwani ina tatizo lake: kaboni ya baharini ni kongwe, hivyo mtu aliyeishi kwa samaki na kombe anaweza kupimwa akaonekana amekufa mamia ya miaka kabla ya siku yake, na tarehe isiyosahihishwa kwa chakula chake itapotosha.

Hili si jambo dogo tukikumbuka Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta msururu wa misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa miti, wa karne ya nane. Vinasaba vinaweka mwanzo wa kuchanganyika kwenye mwaka 1000 hivi. Basi je, Uislamu ulitangulia ndoa hizo kwa karne mbili? Huenda. Lakini tarehe ya kuchanganyika hukisiwa kwa kupima jinsi vipande vya vinasaba vilivyokatika-katika kizazi hadi kizazi, na kama ndoa ziliendelea kwa muda mrefu, kinachopatikana huelekea kuwa wastani, si siku ya arusi ya kwanza.

Udhaifu mkubwa zaidi, ambao wanaoshangilia hawautaji, ni kujua mifupa ilikuwa ya nani. Makaburi yaliyochunguzwa kwa sehemu kubwa ni ya watu wenye hadhi, wa aina ya wanaozikwa karibu na msikiti. Wavuvi, watumwa, wakata boriti za mikoko na wakulima wa bara ya Lamu hawamo, au wamo kwa uchache. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu, wakasema mchanganyiko huo ulianza mwaka 1000 hivi angalau miongoni mwa wakubwa. Wasomaji ndio waliodondosha neno “wakubwa” na kusema “Waswahili”.

Wala wazee hawasadikishwi wote kwa pamoja. Khabari za Pate, masimulizi ya kale ya mji huo, zinauweka ujio wa Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, kutoka Omani mwanzoni mwa karne ya kumi na tatu, tarehe ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliitilia shaka tangu mwaka 1969. Asili inayotangulia mwaka 1500 katika mifupa hii ni ya Kiajemi zaidi kuliko ya Kiarabu, kwa hiyo anayeutumia utafiti huu kuitetea Kilwa asiufiche anapofika Pate.

Hofu ya upande wa pili nayo haikutoka hewani. Serikali ya kikoloni iligawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, kila kundi na haki zake, na nasaba ikawa silaha. Mpaka sasa, panapozuka mgogoro wa ardhi pwani, ukoo huulizwa kabla ya hati. Hata hivyo kuficha matokeo kwa sababu ya siasa ni kuipa siasa mamlaka juu ya makaburi, na mimi sikubaliani na hilo.

Ninachodai ni uchunguzi wa awamu nyingine uchague makaburi yasiyo ya kifahari, hasa ya vijiji vya bara vilivyokuwa vikilisha miji ya visiwani. Na kwa kuwa waliozikwa ni Waislamu, ambao heshima ya maiti wao ni amri, kibali cha Makumbusho ya Taifa kitangulizwe na mashauriano na wenye msikiti na wenye kiambo, wakubaliane kabla ya jembe kushuka ni mifupa ipi itakayochukuliwa, itakaa maabara muda gani, na nani atakayeirudisha ardhini.