Futi ya Fundi Nayo Ina Lumbesa

Mkulima wa viazi wa kule Uporoto walau ana watu wa kumtetea. Wakala wa Vipimo wamesema mpaka sauti zikawakauka: gunia lisizidi kilo 100, lumbesa, yaani kulijaza kupita kiasi, marufuku. Anayelishonea gunia kilemba anajua kabisa anachofanya. Sisi tunaochongesha makabati hapa Mbeya tunaye nani? Tunaye fundi, penseli yake sikioni, na futi kamba inayovutika kuelekea mfukoni kwako.

Ninachotaka mimi ni kabati la jikoni tu. La chini, ukuta mmoja futi 10, ukuta wa pili futi 6, likunje kwenye kona. Nikaita mafundi wawili, maana ukiita mmoja bei yake inakuwa ndiyo bei ya dunia nzima.

Wa kwanza akasema ufundi peke yake, vifaa juu yangu, ni shilingi 10,000 kwa futi. Wa pili akasema 25,000. Jirani yangu, mtu mwema ila mbio zake kwenye hesabu ni za kinyonga, akanivuta pembeni: "Baba, chukua wa elfu kumi, huyu mwingine anakuona mgeni mjini." Nikamwambia tulia, jirani. Wa elfu kumi anahesabu futi za mraba, yaani urefu mara kimo. Kabati la kimo cha futi 3, kila futi moja ya ukuta ina futi 3 za mraba ndani yake. Hapo umeshalipa 30,000. Wa 25,000 anahesabu futi ya urefu: anatembeza futi kamba ukutani, kimo hakimhusu. Elfu kumi ndiyo ghali! Jirani akaniangalia kama vile nimemtukania ukoo, akaenda kufunga mbuzi.

Sasa subiri kituko chenyewe. Nikawauliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake: kabati liwe na kimo gani? Yule wa mraba akajibu haraka sana, "Bosi, siku hizi watu wanapandisha. Piga futi 3 na nusu, linakuwa la kisasa." Nusu futi ya usasa, 5,000 zaidi kwa kila futi ya ukuta. Yule wa urefu naye, "Mzee wangu, siku hizi watu wanashusha. Futi 2 na nusu inatosha, mama hachoki." Analipwa kilekile, mbao zinapungua, randa inapungua, jasho linapungua. Usasa wa Mbeya unapanda na kushuka kutegemea nani kashika penseli.

Aliyemaliza mjadala ni mama watoto. Alitoka na mwiko mkononi akamuuliza fundi, "Nani anapika humu?" Kimya. "Basi nipime mimi." Akasimama wima, akakunja mkono, akamwonyesha kiwiko. Meza ya kukatia inatakiwa iwe chini ya kiwiko cha mpikaji kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa watu wengi inaangukia sentimita 85 hadi 90, kama futi 3 hivi. Kwake ikaja 88. Mafundi wote na usasa wao kwisha habari.

Nikamchukua wa urefu. Tukafika kwenye kona, na hapa ndugu zangu naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kona imekula hela za watu wengi kimyakimya. Fundi akapima ukuta wa kwanza: futi 10. Akapima wa pili: futi 6. Jumla 16, mara 25,000, laki nne. Nikamwambia fundi, kabati lina kina cha futi 2. Kile kipande cha pembeni, futi 2 kwa futi 2, umekihesabu kwenye ukuta huu, ukakihesabu tena kwenye ukuta ule. Kabati lenyewe ni futi 14. Hizi futi 2 za ziada ni za nani? Zinakaa wapi? Nikifungua mlango nitazikuta?

Akacheka. Fundi akicheka ujue anajiandaa. "Mzee, kona ndiyo kazi." Akapima futi 3 ukuta huu akaweka alama, futi 4 ukuta ule akaweka alama, akavuta futi kamba kutoka alama hadi alama. Kona ya pembe mraba inatoa futi 5 kamili. Yangu ikatoa futi 5 na inchi 2. Mwashi aliyeijenga yuko Tunduma sasa, na simu yake haipokelewi. Kwa hiyo pale kwenye kona fundi lazima achonge kwa kufuata upinde wa ukuta, na mlango wake una bawaba zake za peke yake. Kusema kweli hapo ana hoja. Tukapatana kona ilipwe mara moja na nusu: futi 15, shilingi 375,000. Wasuluhishi wa migogoro ya ardhi wangetuonea wivu.

Sijagusa ile tabia ya fundi ya kugeuza sentimita kuwa futi kwa kugawanya kwa 30. Futi moja ni sentimita 30.48. Ukuta wa mita 3 kwake ni futi 10, kwa futi kamba ni 9 na inchi 10 tu. Kwa bei ya 25,000, hiyo ni karibu 4,000 inayopotea. Ubwabwa na maharage pale Mwanjelwa, na chenji.

Vifaa navyo! Msitu mkubwa kuliko yote ya kupandwa nchini uko Mufindi, Sao Hill, hapohapo kwenye barabara ya Iringa, lakini fundi akikutajia bei ya paini utadhani imeshuka bandarini. Mbao ya inchi mbili kwa nne ukiipiga randa si mbili wala si nne. Na ikiwa mbichi, ikikauka inasinyaa upana, urefu hauguswi sana, kwa hiyo milango inaanza kuachana katikati. Bodi ya MDF, ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ni futi 8 kwa 4. Mwambie fundi akuchoree kwanza kila kipande kitakatwa wapi, ndipo ununue. La sivyo masalio yako yatageuka meza ya runinga ya mtu mwingine kabisa.

Kianzio nimetoa, hela ya chai nimetoa, nauli ya bajaji nimetoa. Jana fundi kasimama mlangoni, anakuna kichwa.

"Mzee, zile droo je?"

"Si zimo kwenye futi 15?"

"Hapana, mzee. Droo hatupimi kwa futi. Droo zinahesabiwa moja moja. Na reli zake. Na vishikio."