Kuzaliwa Tangini si Cheti cha Afya

Nawaunga mkono wote wanaonunua samaki wa mapambo wa baharini waliozalishwa tangini badala ya waliovuliwa kwenye matumbawe. Klauni, wale samaki wadogo wenye milia myeupe, wamezalishwa kwa miongo kadhaa sasa, na mwaka 2015 Oceanic Institute ya Hawaii ilifanikiwa hata kwa Zebrasoma flavescens, yule wa manjano tupu. Ninachokipinga ni kumtia samaki huyo moja kwa moja kwenye tangi kuu, eti "wa kuzalishwa hana vimelea".

Alikozaliwa huenda hakuwa navyo kweli. Lakini kabla ya kufika kwako amepitia dukani, ambako mara nyingi matangi huchangia maji na samaki waliovuliwa juzi tu. Tena mwili wake haujawahi kupambana na vimelea hivyo. Samaki aliyeugua kwa Cryptocaryon irritans, kimelea cha madoa meupe, akapona hubaki na kinga kiasi kwa muda. Huyu hana hata hiyo.

Wengi pia hudhani magamba ndiyo ngao ya nje. Sivyo. Juu ya magamba kuna ngozi hai, nyembamba mno, isiyo na tabaka la seli zilizokufa kama yetu, na juu yake ni ute. Ute huo ndio wenye kingamwili na vimeng'enya vya kupambana na bakteria. Wavu ukimpitia vibaya, unaukwangua. Mhamishe kwa chombo chenye maji.

Kwa klauni, wa kuogopwa ni Brooklynella hostilis, kimelea kingine cha ngozi na matamvua. Ukisubiri madoa meupe utachelewa. Rangi hufifia, ute mzito huanza kubanduka vipande vipande, samaki huhema mbio na kususa chakula; siku chache tu, amekufa. Dawa ya shaba, inayotumika kwa vimelea vingine, haitegemewi hapa. Dawa yake ni formalini, kemikali kali yenye sumu, kwenye tangi la pembeni, kwa kipimo sahihi, nawe umevaa glavu na madirisha yako wazi.

Cryptocaryon ni mjanja zaidi. Madoa yake, kila moja kama chembe ya chumvi, hutoweka baada ya siku chache, mwenye samaki akashangilia. Kumbe kimelea kimeshuka chini, kimejifungia kwenye ganda na kinazaa mamia. Zile dawa za chupa zinazojinadi kuwa salama kwa matumbawe hujizolea sifa zao hapo hapo, kwa madoa yaliyotoweka yenyewe.

Karantini, yaani kumtenga samaki mgeni kwanza, haihitaji mbwembwe: tangi tupu lisilo na mchanga, chujio, hita, kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia, na wiki nne au zaidi za kumtazama. Shaba ikihitajika, itumike humo, maana kwenye tangi kuu huua kamba na matumbawe.

Wauzaji nao wasijitoe. Kama wanamtoza mteja zaidi kwa sababu samaki amezalishwa, basi wamtengee na maji yake, asichanganywe na wa kuvuliwa.