Seva bila daftari

Swali langu la kwanza ninapoitwa kuangalia mitambo ya ofisi hapa Unguja halihusu ufundi. Huuliza: huyu kijana wenu wa kompyuta akipata kazi Maskati wiki ijayo, nani mwengine anajua seva hizi, kompyuta zinazohudumia ofisi nzima, zimewekwaje? Watu hutazamana. Kijana mwenyewe, kama yumo chumbani, hucheka kidogo akainamia simu yake.

Vijana wanaondoka, na hakuna wa kuwalaumu. Oman, Dubai, Dar es Salaam, mshahara ni mshahara. Kinachonikera ni kuwa wanaondoka na seva vichwani mwao, na anayekuja nyuma yao anaanza kupapasa gizani, hathubutu kuzima kitu asije akaua mfumo wa mishahara.

Ndiyo maana naona zana za kuendesha mashine pepe (kompyuta zinazoigizwa kwa programu ndani ya kompyuta moja ya kweli) kiotomatiki, Ansible na nduguze, tunazisifia kwa sababu isiyo yetu. Video za mafunzo kutoka nje zinamwonyesha mtu anawasha mashine mia tano kwa amri moja. Nani hapa ana mashine mia tano? Hoteli ya kawaida ya Paje au Nungwi, skuli binafsi, muuzaji wa jumla wa Darajani, wana kompyuta kubwa moja au mbili, na ndani yake mashine pepe nne, tano, labda nane: ya mapokezi, ya hesabu, ya mafaili, ya kamera. Kwa idadi hiyo kazi ya mikono inawezekana kabisa, na haichukui muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba haiachi maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo wafanyabiashara wetu wameikuta kwa baba zao, na kila gunia la mchele linalotoka stoo wanaliandika, lakini seva inayobeba hesabu za magunia hayo haimo katika daftari lolote.

Ansible ilitoka mwaka 2012, na imependwa kwa wepesi wake. Haitaki programu yoyote ya ziada ikae kwenye mashine inayosimamiwa. Inaingia kwa SSH, njia salama ya kuiongoza kompyuta kutoka mbali, inatumia lugha ya programu ya Python ambayo kwenye mfumo endeshi wa Linux mara nyingi imo tayari, inafanya kazi yake na kutoka. Unachoandika ni faili la maandishi tu, pleibuku, na humo huandiki amri za namna ya kufanya kila kitu. Unataja hali unayoitaka: programu fulani iwepo, iwake yenyewe mashine inapoanza, mtumiaji fulani awe na ruhusa hizi, mlango fulani wa mtandao ufungwe. Ukiliendesha likakuta kila kitu kiko sawa, haligusi. Likikuta mtu kabadilisha mpangilio kwa mkono, linaurudisha ulivyoandikwa. Kwa laini zetu za intaneti sifa hii ni neema: usakinishaji ukikatika katikati unalianzisha tena, linamalizia yaliyobaki. Skripti za kizamani, yaani mafaili ya amri zinazofuatana, haziko hivyo. Nyingi ukizirudia toka mwanzo zinaongeza mstari ule ule mara mbili kwenye faili la mipangilio, na hapo unatafuta kosa usiku kucha.

Jawabu ninalopewa sana ni hili: “Sisi tuna bekapu.” Vyema, na mashine pepe zina raha hiyo, unaichukua nzima nzima, mfumo endeshi na kila kilichomo, unaiweka kwenye diski nyengine. Lakini bekapu ya namna hiyo inahifadhi hata ujinga uliomo. Ukiirudisha unapata kile kile usichokijua, kikiwa hai tena. Chukua CentOS 7, aina ya Linux ambayo ofisi nyingi duniani ziliitegemea kwa miaka. Msaada wake ulikoma tarehe 30 Juni 2024, na tangu hapo haipati marekebisho ya usalama ya kawaida. Nakala nzima ya mashine ile haikusaidii kuhamia mfumo mpya. Kinachokusaidia ni kujua ndani yake kuna nini, kimewekwa wapi, na kwa nini. Aliye na pleibuku huanzisha mashine mpya pembeni, akalielekeza huko, akarekebisha majina machache ya vifurushi yaliyobadilika, akahamisha data. Asiye nalo anafungua folda moja moja kama mpelelezi. Bekapu za data lazima ziwepo, hilo halina mjadala. Nasema hazitoshi.

Na tuje kwenye umeme, maana ukizungumza seva Zanzibar bila kutaja umeme unawatania watu. Unguja inapata umeme wake kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Waya wa zamani ulipoharibika Disemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010, na wenye biashara waliendesha kazi kwa jenereta. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013. Giza la miezi hatuna tena, Alhamdulillah, lakini umeme wa kukatika na kurudi bado tunao, na kwa seva huo ndio mtihani hasa. Umeme ukirudi saa tisa ya usiku, mashine pepe zote zikaanza kwa pamoja, mfumo wa mapokezi unaamka kabla ya hifadhidata, hauioni, unalala. Asubuhi mhudumu wa mapokezi anaandika wageni kwenye karatasi hadi kijana afike kutoka Fuoni.

Dawa yake si ghali. Kompyuta mama, ile inayobeba mashine pepe, inapangwa katika BIOS, mipangilio yake ya msingi, iwake yenyewe umeme unaporudi. Proxmox, programu ya kuendeshea mashine pepe, ambayo ni huria na ndiyo ninayoipendekeza kwa ofisi ndogo, inakuruhusu kutoa namba ya zamu kwa kila mashine na kusubiri sekunde kadhaa kabla ya inayofuata: kwanza ya DNS, inayotafsiri majina ya mtandao, kisha hifadhidata, kisha mifumo. UPS, betri ya akiba, iunganishwe kwa waya wa USB na programu ya NUT inayosoma hali yake, ili betri ikikaribia kwisha mashine zizimwe kwa adabu badala ya kukatwa roho. Kisha pleibuku fupi la ukaguzi lipite kila kitu kikishawaka na kutoa ripoti. Yote haya yaandikwe kwenye mafaili yale yale, si kwenye kumbukumbu ya mtu aliyewahi kubofya mahali fulani mwaka juzi.

Terraform je? Wengi wanaianza kwa sababu inatajwa sana kwenye matangazo ya kazi. Kwa kuunda mashine zenyewe, hasa kwenye wingu, yaani mashine za kukodi mtandaoni, ni zana nzuri. Lakini inatunza faili la hali linaloeleza inachokimiliki, na faili hilo likipotea au likipishana na ukweli, una shughuli. Kwa mashine sita zisizobadilika kwa mwaka mzima sioni haja. Tengeneza kiolezo kimoja kizuri cha Debian, aina nyengine ya Linux, kinakiliwe kila unapohitaji mashine, Ansible imalizie.

Sababu nyengine ya kuandika ni wenye zana wenyewe. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, yenye programu za mashine pepe, Novemba 2023, na haikupita muda ikaacha kuuza leseni za kudumu. Wateja wakaambiwa walipe kwa kipindi. Mwaka huo huo HashiCorp, wenye Terraform, ilibadilisha leseni yake, na wasioridhika wakaanzisha toleo lao huria, OpenTofu. Haya yanaamuliwa mbali na sisi. Mtu ambaye yaliyomo ndani ya mashine zake yameandikwa hajali sana zinakaa juu ya programu ya nani.

Sitaki kuuza asali bila kutaja nyuki. Kosa ulilokuwa ukilifanya kwenye mashine moja sasa unalifanya kwenye zote kwa sekunde chache. Mstari mmoja mbaya wa ukuta wa moto, kizuizi cha mtandao, na umejifungia nje ya kila kitu. Tumia kwanza hali ya majaribio, ile inayoonyesha kitakachobadilika bila kubadilisha, halafu iamuru Ansible iende mashine moja baada ya moja. Nywila zifichwe kwa Ansible Vault, sehemu yake ya kusimba siri (hata hivyo ni maendeleo, kwa tulivyozoea kutumiana nywila kwenye kundi la WhatsApp). Na tafadhali mafaili yenyewe yasikae ndani ya mashine ile ile yanayotakiwa kuifufua. Kama mna tawi Chake Chake, Pemba, nakala moja ivuke.

Kikwazo kikubwa hata hivyo hakimo katika kompyuta. Kijana anajiuliza: nikiandika kila kitu, watanihitaji kwa lipi? Namwelewa. Katika ofisi nyingi siri ndiyo bima yake pekee. Mkataba hana, au anao wa miezi sita, na anajua bosi anamkumbuka mtandao ukikatika tu. Kumwambia “andika” bila kumpa kitu ni kumwomba akabidhi ngao yake. Mwenye ofisi aanze yeye: mkataba wa maana, kifungu kinachosema mafaili ni mali ya ofisi, na saa za kuyaandika zihesabiwe kazi. Faida ya kijana ipo pia. Asiye peke yake anayejua anaweza kwenda Pemba kula sikukuu simu ikiwa kimya, na akiomba kazi kwengine ana kitu cha kuonyesha.

Anayetaka kuanza achukue mashine isiyo na uzito, ya printa kwa mfano. Aandike, kisha aiunde upya pembeni, na mikono kwenye kibodi iwe ya mtu mwengine, yeye akae kimya. Kila mahali mwenzake atakapokwama ndipo maandishi yanapokosa kitu. Siku hiyo ya majaribio nayo ilipwe, maana nawajua wenye ofisi wetu: watataka ifanywe Jumapili, kwa chai na maandazi.