Kikohozi cha moyo au cha dawa?

Mgonjwa wa moyo aliyelazwa akianza kukohoa usiku, daktari ana mawili ya kuwaza: maji yamerudi kifuani, au ni ile enalaprili aliyoanzishwa juzi, dawa ya moyo na presha ambayo huweza kuleta kikohozi. Akidhani ni maji, ataongeza furosemaidi, dawa ya kukojoza maji. Potasiamu, chumvi ya damu inayoongoza mapigo ya moyo, itashuka, na kama mgonjwa yuko kwenye dijoksini, dawa ya kuupa moyo nguvu, kichefuchefu na mapigo kwenda ovyo havitakawia. Faili litaandikwa kwamba ugonjwa wa moyo umezidi, kumbe ni dawa.

Uganda ina pa kuripoti madhara ya dawa kama haya. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, ina kituo cha usalama wa dawa, na tangu 2007 nchi imo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani ambao taarifa zake hukusanywa Uppsala, Sweden. Swali ni kama tuendelee kungoja sista ajaze fomu kwa hiari, au mfamasia aingie wodini kila asubuhi awapitie wagonjwa wa moyo mmoja mmoja.

Wanaosita wana hoja nzito. Sista ana wodi nzima mikononi, mfamasia yuko dirishani anagawa dawa, na kipimo cha kuganda kwa damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, mara nyingi ndugu ndio wanaokilipia. Kuijua dawa yenye kosa nako si rahisi: maswali ya Naranjo ya mwaka 1981, yanayopima kama dawa ndiyo iliyoleta madhara, yanauliza kama dalili zilirudi dawa ilipotolewa tena, na nani atamjaribia hilo mtu aliyevuja damu? Halafu kuna hofu, isiyosemwa sana kwenye warsha, kwamba kuripoti ni kujishtaki.

Lakini ukimya nao una bei yake. Chukua sindano ya benzathini penisilini, wanayodungwa kila wiki nne watoto ambao homa ya baridi yabisi imewaathiri moyo. Utafiti wa Gulu uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa inazuia ugonjwa uliogunduliwa mapema usiendelee. Mwenye vali zilizoharibika sana akianguka baada ya kudungwa, kila mtu husema ni mzio. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kuwa baadhi ya vifo hivyo huenda vilitokana na moyo wenyewe kuzidiwa, kikapendekeza vidonge kwa walio katika hatari kubwa. Kutofautisha hayo mawili kunataka mtu aliyeandika: ilikuwa dakika ngapi baada ya sindano, presha ilikuwa ngapi, upele ulitokea au la. Pasipo hayo, wazazi wanabaki na uvumi, na watoto waliopaswa kudungwa hawaletwi.

Kwangu, kufuatilia kila dawa kwa kila mgonjwa ni maneno ya warsha tu. Ianzwe na warfarini, dijoksini, na wanaopewa enalaprili pamoja na spironolaktoni, dawa nyingine ya kukojoza, maana hapo potasiamu hupanda badala ya kushuka. Waulizwe pia kuhusu Septrin, antibiotiki ya kukinga maambukizi. Mwenye VVU anaweza kuja nayo kutoka kliniki nyingine, iko kwenye mfuko wa nguo chini ya kitanda na haimo kwenye chati, ilhali inazidisha nguvu ya warfarini na kuipandisha hiyo potasiamu. Kuuliza hakuhitaji maabara wala bajeti mpya. Na fomu ya NDA ijazwe hapo hapo kitandani, kabla zamu haijabadilishana.